Kila habari na chombo chake: matangazo, mbao na mikutano katika miji midogo ya Tanga

Ukishuka kwenye basi Mombo, pale abiria wa barabara kuu ya Arusha wanapokula haraka na kuendelea na safari, habari wanazoulizana wenyeji hazimo gazetini. Udongo umeshuka kwenye njia ya kupanda Soni, je, magari yanapita? Maji yanafunguliwa upande gani leo? Nani kafariki, na anazikwa saa ngapi? Msaragambo wa shule, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, ni lini? Habari hizi ndizo zinazoamua mtu aamke saa ngapi na atoke na shilingi ngapi mfukoni, na hakuna mwandishi anayetumwa kuzifuata. Wenyeji wenyewe ndio wanaozibeba, kwa spika, kwa ubao, kwa mkutano, kwa redio na kwa simu.

Kila chombo kina mzigo wake. Vurugu nyingi za mji mdogo zinaanzia pale mzigo unapopakiwa kwenye chombo kisicho chake: tangazo la msiba linabandikwa ukutani, hesabu za kijiji zinatamkwa kwenye spika, na taarifa ya barabara kufungwa inaachwa kwenye grupu la ukoo mmoja.

Msiba ndio unaopima kila kitu, maana hausubiri. Waislamu, ambao ni wengi pwani ya Tanga na hata milimani Usambara, hawacheleweshi maiti. Aliyefariki alfajiri anaweza kuzikwa baada ya adhuhuri siku hiyohiyo. Zipo saa sita au saba tu za kumfikia shemeji aliyeko Bumbuli, jirani aliyeshuka shambani bondeni, na vijana wa kuchimba kaburi. Hapo spika ya msikiti haina mpinzani. Inamfikia hata asiye na simu, na sauti inayotangaza inajulikana, kwa hiyo hakuna anayeuliza kama ni kweli. Kwa familia za Kikristo, kule Lushoto na Mlalo, kengele na tangazo la ibadani hufanya kazi hiyo, na mara nyingi mazishi husubiri siku mbili tatu ili ndugu wapande kutoka Dar es Salaam.

Tangazo la msiba linahitaji jina kamili la marehemu, jina aliloitwa mtaani, uhusiano unaomtambulisha (mume wa nani, mama wa nani, aliuza nini pale stendi), nyumba ulipo msiba, mahali pa kuzikia, na siku na saa. Ukiacha kimoja tu, simu za wafiwa zitaita mchana kutwa. Jina la mtaani watu huliacha wakidhani ni kumkosea marehemu heshima. Si hivyo. Usambaani majina ya koo yanayoanza na She- yamejaa kila kijiji, na mzee aliyeitwa Fundi Baiskeli kwa miaka thelathini hatatambulika kwa jina lililoko kwenye kitambulisho chake. Wenye jina moja wakiwa wawili, familia ya aliye hai itapokea pole kutwa nzima, na hilo ni jeraha.

Jambo la pili ni kutenganisha msiba na maziko. Mgonjwa aliyefia Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, anaweza kuwa na waombolezaji nyumbani kwa mwanawe Korogwe na kaburi Soni. Sema yote mawili, na useme mwili unaondoka saa ngapi. Bila hivyo nusu ya waombolezaji watakwenda kusikozikwa.

Na saa. Hili ningependa kila katibu wa mtaa aliandike kwenye jalada la daftari lake. Simu inaonyesha 2:00 wakati sisi tunasema saa nane. Mwandishi anaitazama simu, anaandika "mazishi saa 2", na msomaji anajiandaa kwa saa mbili asubuhi. Dawa yake ni fupi: andika saa kwa Kiswahili na uiwekee wakati wa siku. "Saa 8 mchana." "Saa 12 asubuhi." Usiache tarakimu ikining'inia peke yake. Vilevile neno "kesho" halifai kwenye tangazo lolote linaloandikwa. Likiwa ukutani au kwenye simu, "kesho" inaishi wiki nzima, na aliyelisoma Jumatano anakwenda kwenye kikao kilichokwisha Jumatatu. Siku, tarehe, mwezi, basi.

Gari la matangazo lina sheria zake ambazo wengi huzijua kwa kukosea. Kwa kawaida ni pikapu, bajaji au bodaboda yenye spika za pembe na amplifaya ya volti 12. Kosa la kwanza ni umeme: betri ya pikipiki ni ndogo, na ukiifunga amplifaya kubwa bila betri ya pembeni, sauti inaanza kukatakata kabla hujafika mtaa wa tatu. La pili ni maiki kukaa mbele ya spika. Sauti inarudi ndani ya maiki na spika inapiga mluzi. Msemaji akae nyuma ya mdomo wa spika, au bora zaidi maneno yarekodiwe kwenye flashi na kurudiwa, ili mtaa wa mwisho usikie kilekile kilichosikiwa na wa kwanza.

La tatu ni mwendo, na ndilo baya kuliko yote. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo wa polepole kabisa, linakata takriban mita nne kila sekunde. Tangazo la sekunde 40 likianza mbele ya duka, linamalizika gari likiwa mita 160 mbele. Aliyesikia "Tunawatangazia wananchi wote" hakusikia tarehe, na aliyesikia tarehe hajui ni tarehe ya nini. Ndiyo maana utawaona kina mama wametoka barazani wanaulizana, "Wamesema nini?" Simama. Zima injini, soma mara mbili, kisha sogea mita mia mbili na usimame tena. Anza na jambo lenyewe, siyo salamu wala cheo cha aliyekutuma: "Chanjo ya watoto, zahanati, Alhamisi tarehe 12, saa 2 asubuhi." Maneno yasizidi sitini. Milimani ongeza kituo kati ya sentensi na sentensi, kwa sababu mwangwi unarudi kutoka upande wa pili wa bonde na kulikanyaga neno linalofuata.

Kabla ya kuzunguka, pitia kwa mtendaji wa kata. Ataangalia maneno na njia utakayopita, na halmashauri nyingi zina ushuru wa matangazo ya biashara. Usipite karibu na shule wakati wa mtihani, wala msikitini au kanisani wakati wa ibada.

Sasa ubao. Ubao wa ofisi ya mtendaji ndio gazeti halisi la mji mdogo, na ndio unaotunzwa vibaya kuliko vyombo vyote. Mara nyingi ni kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Karatasi ya A4 iliyochapwa kwa herufi ndogo haisomeki ukiwa umesimama hatua mbili, wino unapauka, gundi ya selotepu inaachia kwa joto, na mvua ya Machi inamaliza kazi. Karatasi mpya inabandikwa juu ya ile ya zamani, hivi kwamba orodha ya wanufaika wa TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, inafunikwa na tangazo la mechi ya Jumapili.

Kurekebisha hakuhitaji mradi. Uhamishie ubao ukuta wenye kivuli, au uuwekee kipaa cha bati kinachotokeza sentimita 30 hivi. Katikati ya ubao iwe usawa wa macho ya mtu mzima wa kimo cha kawaida, kama mita moja na nusu kutoka chini. Weka mlango wa wavu wenye kufuli ili watu wasichane, lakini funguo ziwe mbili, maana ufunguo mmoja ukiwa mfukoni mwa mtendaji aliyekwenda wilayani, ubao umefungwa kwa wiki. Gawa ubao kwa mistari ya rangi: fedha upande mmoja, mikutano na sheria ndogo katikati, matangazo ya wananchi upande wa pili. Kila karatasi iandikwe chini yake tarehe ya kubandikwa na tarehe ya kutolewa. Na kichwa cha tangazo kiandikwe kwa kalamu nene kwenye manila, herufi za kimo cha kidole gumba, ili mtu anayepita na ndoo kichwani akione bila kusimama.

Upande wa fedha ndio unaostahili macho yako. Taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kuwafikia wananchi kila robo mwaka, na wengi wanaipita kwa sababu inaonekana kama mambo ya wahasibu. Isome hivi. Kwanza tazama ni robo ipi: mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, kwa hiyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, siyo Januari hadi Machi. Kisha tafuta bakaa ya kuanzia, yaani fedha iliyobaki robo iliyopita. Tuseme, kwa mfano tu, imeandikwa bakaa 412,000, mapato 1,385,000, matumizi 1,240,000. Ukijumlisha na kutoa, inapaswa kubaki 557,000. Piga picha kwa simu. Robo inayofuata, bakaa ya kuanzia ni lazima iwe hiyohiyo 557,000. Ikiwa 457,000, huna haja ya kumtuhumu mtu yeyote. Una haja ya kusimama mkutanoni na kuuliza laki moja iliondoka kati ya tarehe ngapi na ngapi. Swali la namna hiyo halina matusi, na ni gumu kulikwepa.

Jicho la pili liweke kwenye mstari wa "mengineyo". Ukiwa mkubwa kuliko mistari yenye majina, omba ufunguliwe. La tatu ni michango. Kila mchango unapaswa kuwa na stakabadhi yenye namba, na jumla ya stakabadhi za kitongoji chako ilingane na kilichoandikwa. Aliyechanga bila stakabadhi ameichangia hewa, hata kama aliyepokea ni mwaminifu, kwa sababu fedha hiyo haina pa kuonekana.

Shule nayo ina ubao wake. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hufika shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 600 kwa kiwango hicho inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Mzazi akilijua hilo, anaelewa kwa nini mwalimu mkuu anahangaika na chaki, na pia anajua swali la kuuliza kwenye kikao cha wazazi.

Ubao unaarifu tu. Uamuzi unafanyika mkutanoni. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inatakiwa kukutana kila mwezi. Ukiwa Korogwe mjini unashughulika na mtaa badala ya kijiji. Ukiwa Lushoto au Mombo, ambako kuna mamlaka ya mji mdogo, mlango wako wa kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji. Viongozi waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 ndio walioko ofisini kwa kipindi hiki cha miaka mitano, hivyo ni vyema kujua ahadi zao zilikuwa zipi.

Mkutano mzuri una ajenda zinazofahamika: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, mambo mapya, mengineyo, kufunga. Wananchi wengi huja na swali lao na kulihifadhi kwa ajili ya "mengineyo". Ni makosa. Wakati huo jua limezama, kina mama wameondoka kwenda kuwasha moto, na mwenyekiti anatafuta kufunga. Mahali penye nguvu ni "yatokanayo". Hapo ndipo ahadi ya mkutano uliopita inapoitwa kwa jina: kalvati lilisemwa litakuwa tayari mwezi wa sita, liko wapi? Aliyekuja na picha ya muhtasari uliopita anaongea kwa dakika moja na anajibiwa. Asiyekuwa nayo anaongea dakika kumi na anaambiwa hoja yake imepokelewa.

Ninaomba kuwe na uangalifu mkubwa kwenye daftari la mahudhurio. Unaposaini, tazama juu ya ukurasa: pana tarehe, pana jina la mkutano, pana ajenda? Ukurasa mtupu wenye saini mia moja na ishirini unaweza kuunganishwa baadaye na muhtasari wa jambo ambalo hamkulijadili, hasa la ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo saini zenu ndiyo idhini yenyewe. Kabla ya kufunga, omba katibu asome maazimio kwa sauti, kila moja na jina la mhusika na tarehe. Kazi hiyo inachukua dakika tano. Mkutano ukikosa kuitishwa kwa zaidi ya miezi mitatu, andikeni barua kwa mtendaji, nakala kwa diwani na kwa mtendaji wa kata, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkinyimwa taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Namba 6 ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu.

Habari ya kero pia hupotea kwa kupelekwa kusikohusika. Barabara ya Mombo kwenda Soni na Lushoto ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Njia za ndani za kata ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019, lakini bomba la mtaani kwenu lina jumuiya ya watumia maji yenye mwenyekiti na mhazini, na hao ndio wa kuulizwa kwanza kwa nini kituo cha maji kimefungwa. Unapotoa taarifa ya bomba lililopasuka au udongo uliofunga njia, taja alama: "kona ya pili ukitoka darajani, upande wa mlima, udongo umeziba nusu ya barabara, pikipiki zinapita, malori hayapiti." Taarifa hiyo inamwezesha mtu kutuma katapila. "Barabara mbaya jamani" haimwezeshi mtu yeyote kufanya lolote.

Redio jamii inafaa pale mbiu isipofika. Pangani FM, kwa mfano, inawagusa watu ambao maisha yao yanategemea kivuko cha mtoni: kivuko kikisimama, mtu wa Bweni au Mkwaja mwenye mgonjwa anahitaji kujua kabla hajatoka nyumbani, siyo akiwa amesimama ukingoni. Tangazo la redio lipelekwe likiwa limeandikwa, lenye jina na simu ya mtoa habari, na saa lilipoandikwa. Mtangazaji asiye na pa kuthibitisha hatalisoma, na yuko sahihi.

Halafu grupu la WhatsApp, ambalo siku hizi linabeba karibu kila kitu na kudondosha mengi njiani. Grupu la kitongoji lenye watu mia mbili linakufa kwa salamu za asubuhi, picha za maua na mabishano ya Simba na Yanga; tangazo la maji lililotumwa saa 1 asubuhi linakuwa limezikwa chini ya ujumbe sabini kufikia saa 3. Yanayodumu yamegawanywa mawili: moja la mazungumzo, na jingine la matangazo tu ambamo wasimamizi watatu au wanne ndio wanaoandika. Wasimamizi watoke vitongoji tofauti na wawe na kawaida moja: hakuna kupeleka mbele taarifa ya kifo, ajali au mtoto aliyepotea kabla mmoja wao hajaongea kwa sauti na mhusika. Kuna sababu ya utu, na kuna sababu ya kisheria: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu kusambaza kwa makusudi taarifa za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Mtoto aliyepotea akipatikana, tuma picha ileile ya kwanza ikiwa na neno AMEPATIKANA juu yake na tarehe, kwenye kila grupu ulikotuma mwanzo. Ujumbe mtupu wa maneno haufiki kule picha ilikofika. Picha ya kwanza itaendelea kuzunguka Muheza, Handeni na Dar es Salaam kwa miezi, na kila anayeiona kwa mara ya kwanza atampigia simu mama wa mtoto.